UZI: Mtanzania ananunuaje aplikesheni? Bei, njia ya malipo na pale miamala inapokwama

mjenzi_tz (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila baada ya muda humu unafunguliwa uzi wa kusema Wabongo hawanunui aplikesheni. Nadhani tunakosea swali. Wananunua, tena kila siku, ila kwa mtindo uleule wanaonunulia bando: kidogo kidogo, kwa pesa iliyopo kwenye simu saa hiyo, kwa muda unaojulikana, na kwa PIN waliyobonyeza wenyewe. Programu inayodai kadi ya benki mlangoni, halafu ikakata kila mwezi bila kuuliza, imeshawafungia nje watu wengi kabla hata hawajaona bei.

Tuanze na bei. Watu wanafikiri kwa jero, buku na buku tano, kwa hiyo vifurushi vyako vikae humo humo. Mpangilio unaofanya kazi kwa programu ya masomo, michezo au burudani ni saa 24 kwa 500, siku 7 kwa 2,000, siku 30 kwa 6,000. Usitegemee cha mwezi. Mwenye elfu sita mkononi leo ana mambo mengine matano yanayoiwinda, na hajui kama Ijumaa atakuwa bado anaihitaji programu yako. Cha siku na cha wiki ndivyo vitakavyokuendesha.

Angalia pia ada ya muamala. Mtu aliyeweka buku kwa wakala ana buku kamili, hana buku na chenji. Ukiuza kwa 1,000 huku ada ikimwangukia mteja, muamala unakataa kwa upungufu wa shilingi chache, na mtu huyo harudi kwa wakala kuongeza. Ama ibebe ada wewe kwenye mkataba wako na kampuni ya malipo, ama uza kwa 900.

"Siku" maana yake saa 24 tangu pesa ilipotoka. Ukiikata saa sita usiku, aliyelipa saa tatu usiku atakuona mwizi, na ana haki, maana mitandao ya simu imemzoesha saa 24. Hesabu kwa saa, kisha muonyeshe: "Kifurushi chako kinaisha kesho saa 3:12 usiku." Andika saa za Kiswahili kama programu yako ni ya Kiswahili, usichanganye.

Kitufe kiandike "Jiunge". Ndilo neno analoliona kwenye menyu za vifurushi miaka yote. Chini yake weka maneno mawili: "Haijirudii yenyewe." Watu wameumizwa sana na huduma za meseji zinazokata salio kimya kimya, na mstari huo mdogo unaondoa hofu kuliko punguzo lolote la bei.

Karibuni tuongezane, hasa wanaojua upande wa malipo.

---

chipukizi_wa_kodi

Asante mkuu, nimesoma mara mbili. Swali moja: programu ikiwa Play Store, naruhusiwa kuweka M-Pesa au Airtel Money moja kwa moja ndani yake? Naona wengine wameweka.

---

sera_za_duka

Mkuu chipukizi, inategemea unauza nini.

Ukiuza kitu kinachotumika nje ya simu (chakula, usafiri, tiketi ya basi, nguo, huduma ya fundi), weka malipo ya simu ndani bila wasiwasi. Sera ya Google hailazimishi mfumo wake kwa bidhaa na huduma za aina hiyo.

Ukiuza kitu kinachotumika ndani ya programu yenyewe (masomo, vitabu, muziki, sarafu za mchezo, kuondoa matangazo), programu iliyoko Play Store inatakiwa itumie mfumo wa malipo wa Google. Unaowaona wameweka M-Pesa kwenye vitu hivyo wengi hawajakaguliwa vizuri tu. Siku wakikaguliwa programu inaondolewa, na wakirudia akaunti nzima inafungwa.

Njia halali zinazobaki ni hizi. Ya kwanza, programu ya kutumia tu: mteja anajiunga na kulipa kwenye tovuti yako au kwa lipa namba, kisha anaingia kwenye programu kwa namba yake ya simu. Ndani ya programu usiweke kiungo wala tangazo la "lipia hapa", maana hilo nalo linakatazwa. Maelezo ya kulipa yapeleke kwenye ukurasa wako wa mitandao ya kijamii, redio au bango.

Ya pili, kusambaza APK (faili lenyewe la kusakinisha programu) nje ya Play, kwa tovuti yako au duka jingine kama Palm Store, ambalo linakuja na simu nyingi za Tecno, Infinix na itel. Hapo malipo ni uamuzi wako. Gharama yake ni onyo la "chanzo kisichojulikana" ambalo linawatisha wengi, na kazi ya kuwasasishia watu programu inakuwa yako. Tena Google ilitangaza Agosti 2025 kwamba hata wanaosambaza nje ya Play watatakiwa kuthibitisha utambulisho wao: inaanza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027. Jipangeni mapema.

Kwa anayefungua akaunti mpya ya binafsi ya mtengeneza programu: ada ni dola 25 mara moja, na kabla ya kuachia programu kwa umma unahitaji wajaribu 12 waliojiandikisha kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20, wakapunguzwa Desemba 2024. Watu wanakwama hapo kwa sababu mmoja anajitoa siku ya 9 na idadi inashuka chini ya 12. Andikisha 16 au 18.

---

pwani_254

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya M-Pesa imo ndani ya Play Store yenyewe kama njia ya malipo, kwa hivyo mtu wa kawaida ananunua bila kadi. Hata hivyo watu bado wanapenda kulipia siku au wiki, sawa na alivyoeleza mwenye uzi.

Kwa wanaouza nje ya Play au wanaouza bidhaa, Safaricom wana Daraja (mfumo wa kuunganisha programu yako na M-Pesa), na ombi la PIN linaruka kwenye simu ya mteja (STK). Makosa yanayorudiwa sana:

Namba lazima ianze na 254 bila alama ya kujumlisha. Fomu nyingi zinakubali 2547 pekee na kukataa 2541, na hao wa 01 ni wateja kama wengine. Rekebisha kanuni yako ya kukagua namba.

Kiasi ni namba nzima, bila senti. Kumbukumbu ya akaunti isizidi herufi 12. Tokeni (ufunguo wa muda unaoiruhusu seva yako kutuma maombi) inaisha baada ya sekunde 3,600, iombe upya kabla haijafa. Anwani ya kupokea majibu iwe ya https.

Ukitumia till (namba ya kununulia bidhaa) badala ya paybill (namba ya kulipia bili), aina ya muamala ni CustomerBuyGoodsOnline. Hapo namba ya duka kuu na namba ya till ni vitu viwili tofauti: ya kwanza inakaa kwenye BusinessShortCode, ya pili kwenye PartyB. Ukiziweka zote sawa utapewa kosa lisiloeleweka na utapoteza siku nzima.

Yajue majibu kwa namba. 0 ni imelipwa. 1 ni salio halitoshi. 1032 mteja amefuta mwenyewe. 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. 2001 PIN si sahihi. 1001 laini ina muamala mwingine unaoendelea. Kila moja iandikie ujumbe wake kwa Kiswahili. Mwenye 1 mwambie salio halitoshi, umpe kifurushi kidogo zaidi hapo hapo. Mwenye 1001 mwambie asubiri dakika mbili. Ukiandika "Malipo yameshindikana" kwa wote, hakuna atakayejua afanye nini, na wa 1001 atabonyeza mara tano.

---

simu_na_vifaa

Wadau, niongezee ya upande wa dukani, pale mteja anapokabidhiwa simu. Watengeneza programu wengi hawaufikirii kabisa.

Simu mpya ya bei ya chini inauzwa, muuzaji anaingiza Gmail ili Play Store ifunguke. Mara nyingi akaunti inatengenezwa pale pale kaunta, nywila anaijua muuzaji, au imeandikwa kwenye boksi ambalo litatupwa. Mteja anaondoka na akaunti asiyoijua. Simu ikipotea au ikiwekwa upya kiwandani, inatengenezwa Gmail nyingine. Sasa kama ulimfungia alichonunua kwenye Gmail, amekipoteza, na lawama ni zako. Mfungie kwenye namba ya simu, kwa sababu laini anai-swap na inarudi ileile, imesajiliwa kwa alama za vidole.

Ila hata namba ina mtego wake. Namba yenye pesa inaweza isiwe kwenye simu janja. Wengi wana kiswaswadu cha kupokelea pesa na simu nyingine ya intaneti. Mtoto anasoma kwenye simu ya mama, baba analipa kutoka mkoani. Kwa hiyo weka nafasi mbili: namba ya akaunti na namba inayolipa. Ya pili ijaze kwa ile ya kwanza, lakini iweze kubadilishwa.

Ukubwa wa programu. Simu ya GB 16 ikishatoa mfumo, WhatsApp na picha zake, inabaki nafasi ndogo sana. Kitu cha MB 80 kinaombewa nafasi, mtu anafuta, anarudisha, mwisho anakiacha. MB 15 kushuka chini kinakaa. Na kila MB inatoka kwenye bando alilonunua kwa jero, kwa hiyo masasisho ya kila wiki ni kumtoza mara ya pili.

Kuna suala la kurushiana kwa Xender na Bluetooth. Bado ni njia kubwa, hasa mashuleni na vyuoni. Tangu Agosti 2021 programu mpya za Play zinapakiwa kama AAB (faili ambalo Play inaligawa kulingana na simu), na simu inapokea vipande vinavyoifaa yenyewe. Mtu akimrushia mwenzake APK ya msingi peke yake, inakataa kusakinishwa au inafunguka na kufa. Anayepokea haelewi hayo, anasema programu mbovu. Dawa: weka APK moja kamili kwenye tovuti yako, yenye saini ya kidijitali ileile ya ile ya Play, na ndani ya programu weka kitufe cha "Mtumie rafiki" kinachotuma kiungo. Saini zikitofautiana, hawezi kusasisha kutoka Play mpaka aifute kwanza.

---

chipukizi_wa_kodi

Dada simu_na_vifaa, hii ya Gmail imenifungua macho. Vipi kadi za zawadi za Google Play? Kuna wanaoziuza mtandaoni.

---

sera_za_duka

Hizo zina nchi. Kadi ya Marekani inaingia kwenye akaunti ya Marekani tu. Akaunti ya Tanzania inaikataa. Watu wanabadili nchi ya akaunti ili iingie, kisha wanagundua kwamba kurudi lazima wasubiri mwaka mzima, maana nchi ya Play hubadilishwa mara moja kwa miezi 12, na salio la nchi ya zamani halitumiki kwenye mpya. Usimshauri mteja njia hiyo.

Kwa anayetaka kulipa Play kihalali bila benki, aangalie kadi ya mtandaoni iliyomo kwenye menyu ya huduma yake ya pesa kwa simu. Inapewa namba 16, tarehe ya mwisho na tarakimu 3 za siri. Hitilafu ya kawaida: mtu anaweka kiasi kilekile cha bei, muamala ukifanyika kwa dola, kiwango cha kubadilisha fedha na ada vinaongezeka, unakataa. Aache ziada kidogo.

---

mjenzi_tz

Narudi kwenye malipo ya simu Tanzania, maana ndipo pesa inapopotelea.

Usikisie mtandao kwa namba za mwanzo. Kuhama mtandao na namba yako kulianza hapa Machi 2017, kwa hiyo 075 inaweza kuwa Airtel leo. Muulize mteja achague: M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money, HaloPesa. Jaza kwa kukisia ukitaka, ila mruhusu abadilishe. Namba ipeleke kwa mfumo wa 255, ondoa sifuri, ondoa nafasi.

Kuunganisha kila mtandao peke yake ni mikataba minne. Kwa anayeanza, pita kwa kampuni ya kati kama Selcom, AzamPay au ClickPesa. Mkataba mmoja, mitandao yote. Kabla ya kusaini uliza mambo matatu: ada ni ya nani, pesa inafika benki baada ya siku ngapi, na jina gani litatokea kwenye meseji ya mteja. Hilo la tatu watu wanalipuuza. Mteja amejiunga na programu ya "Somo Letu", tuseme, meseji inakuja na jina la kampuni asiyoijua, anapiga huduma kwa wateja kusema ameibiwa. Kabla ya kumrushia ombi la PIN, mwandikie: "Utaona jina fulani, ndilo letu."

Sasa kiini. Kila muamala uwe na hali nne kwenye seva yako: umeanzishwa, unasubiri, umelipwa, umeshindikana. Kosa kubwa ni kuuhamisha kutoka "unasubiri" kwenda "umeshindikana" kwa sababu tu sekunde 60 zimepita. Majibu ya mtandao huchelewa, hasa mwisho wa mwezi mishahara ikiingia. Pesa imetoka, programu inasema haijalipwa, mteja analipa tena. Fanya hivi: muda ukipita, uache kwenye "unasubiri" na uulize hali yake kwa kampuni ya malipo baada ya sekunde 30, dakika 2, dakika 10, kisha kila saa mpaka saa 24. Kitufe cha Jiunge kizuie kwa kifurushi kilekile na namba ileile mpaka jibu lipatikane.

Majibu yenyewe yanaweza kuja mara mbili. Tunza namba ya kumbukumbu kama kitu cha kipekee kwenye hifadhidata, ili jibu la pili lisiongeze siku za bure. Na usiyaamini kwa kuyapokea tu: anwani yako ikijulikana, mtu anaweza kutuma jibu la uongo. Kila likija, uliza upande wa pili kama kweli.

Mteja akilipa mara mbili kweli, mwongezee muda mara moja na umtumie meseji. Kurudisha pesa kunachukua siku. Saa 24 za nyongeza zinachukua sekunde.

Kwa wasiopokea ombi la PIN (kioo kimefungwa, laini ya pili, mtandao hafifu) weka lipa namba kama njia ya akiba: analipa kwa menyu, kisha anaandika namba ya muamala kwenye programu. Ilinganishe na rekodi za seva. Usikubali picha ya meseji hata siku moja, zinatengenezwa kwa dakika mbili.

---

hesabu_safi

Kwa upande wa kodi, kwa kifupi.

Chukua buku moja kupitia Play, bei ikiwa na VAT ya 18% ndani. 1,000 gawanya kwa 1.18 ni takriban 847. Google wanachukua 15% kwa dola milioni 1 za kwanza kwa mwaka, yaani 127. Unabakiwa na 720 hivi kabla ya kodi ya mapato. Kwa malipo ya simu nje ya Play, ukikatwa mfano 3%, unabaki na 970, na VAT inakuhusu ukishasajiliwa. Kiwango cha lazima ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12, tangu Julai 2023.

Ile kodi ya huduma za kidijitali ya 2% iliyoanza Julai 2022 ni ya watoa huduma wasio wakazi wa Tanzania. Mkazi haimhusu, ingawa naona watu wakiijumlisha kwenye hesabu zao.

Bei ziwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za Machi 2025 zinakataza kunukuu na kutoza bei kwa dola ndani ya nchi. Na kwa kuwa mnakusanya namba za simu, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: jisajilini kwenye Tume yake, na msiombe ruhusa ya kusoma majina kwenye simu kama hamuihitaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na nyingi za aina hiyo zilijulikana kwa kuwasumbua ndugu na marafiki wa mkopaji. Tangu hapo mtu akiona "ruhusu kusoma majina" anafuta papo hapo, na yuko sahihi.

---

chipukizi_wa_kodi

Swali la mwisho wakuu. Maudhui yangu ni mitihani iliyopita, na wanafunzi wengi hawana bando muda wote. Nikikagua kifurushi mtandaoni kila wakifungua, si nitawafungia nje? Nikitumia saa ya simu, wataichezea.

---

mjenzi_tz

Ndugu, tumia vyote viwili. Wakati wa kulipa, seva ikupe tiketi yenye saini: namba ya mteja, muda wa kuanza, muda wa kuisha. Programu inaitunza na kuikagua bila intaneti. Kila ikipata mtandao inaandika saa ya seva. Saa ya simu ikiwa nyuma ya saa ya mwisho iliyoandikwa, fungia kwa upole na useme: "Saa ya simu yako si sahihi, washa data dakika moja." Usimtuhumu, maana simu ikiisha chaji kabisa baadhi hurudi miaka ya nyuma bila mtu kugusa kitu. Saa ikiwa mbali hivyo, hata muunganisho wa https unakataa, kwa hiyo ujumbe wa "hakuna mtandao" utampotosha. Tofautisha makosa hayo mawili.

Baada ya malipo mpakulie somo zima alilochagua, maandishi kwanza, picha zikiwa zimebanwa. Karatasi 20 za maswali kwa maandishi hazifiki MB 2.

Na kwa mitihani, ongeza kifurushi cha "mpaka mtihani". Darasa la saba wanafanya Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Mzazi ambaye hatoi 6,000 ya mwezi anaweza kutoa 5,000 ya Agosti hadi siku ya mtihani, kwa sababu anajua inaishia wapi. Iweke sokoni wiki sita kabla.

---

simu_na_vifaa

Kwa wazazi hao vocha inafaa. Chapisha namba za siri za tarakimu 12, kila moja ya matumizi mara moja, muuzaji wa duka la vifaa vya shule abaki na 100 au 150 kwa kila buku. Usitumie herufi, 0 na O zinawachanganya. Zigawe tatu tatu kwa nafasi kama 482 913 067 255, na programu izikubali zikiandikwa na nafasi au bila.